Kudhibiti Joto la Chumba cha Mtoto Mchanga: Themostati, Hita na Kifua cha Mama

Utangulizi

Katika nchi za baridi nyumba hupashwa joto kwa mitambo inayoongozwa na kifaa kidogo cha ukutani kiitwacho themostati. Themostati za kisasa huunganishwa na intaneti, huamriwa kwa simu ya mkononi, na hujifunza saa ambazo wenye nyumba huamka, hutoka na kurejea. Msomaji aliyeko Katubuka, katika Manispaa ya Kigoma-Ujiji, anaweza kudhani kwamba habari hiyo haimhusu. Uso wa Ziwa Tanganyika uko takribani meta 770 juu ya usawa wa bahari, na mchana wa Kigoma ni wa joto karibu mwaka mzima. Mtu mzima wa hapa huhitaji upepo na kivuli kuliko hita.

Hata hivyo, yuko mkazi mmoja wa Kigoma ambaye chumba chake lazima kidhibitiwe joto kama nyumba za Ulaya zinavyodhibitiwa, naye ni mtoto mchanga, hasa aliyezaliwa kabla ya wakati, ambaye wengi humwita njiti. Katika miezi ya kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti, pepo za kusi huvuma na joto la usiku huweza kushuka chini ya nyuzi 20 za sentigredi. Kwa mtu mzima huo ni usiku wa shuka moja zaidi. Kwa mtoto wa kilo moja na nusu unaweza kuwa usiku wa hatari.

Somo hili linamlenga mhudumu wa afya wa wodi ya wazazi pamoja na mama na jamaa wanaomlea mtoto nyumbani. Baada ya kulisoma, msomaji aweze kueleza jinsi mtoto mchanga anavyopoteza joto. Jinsi themostati inavyofanya kazi na namna inavyoweza kukosea. Na hatua za kumweka mtoto katika joto salama hospitalini na nyumbani, hata umeme unapokatika.

Kwa nini chumba kinachomfaa mtu mzima ni baridi kwa mtoto

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018 kuhusu makazi na afya, linataja nyuzi 18 kuwa kiwango salama cha joto la ndani ya nyumba kwa watu kwa jumla wakati wa baridi. Kwa chumba cha kujifungulia, shirika hilohilo linataka nyuzi zisizopungua 25, na ikiwezekana kati ya 25 na 28. Tofauti hiyo inatokana na maumbile ya mtoto.

Mtoto mchanga ana ngozi pana ikilinganishwa na uzito wake, na kichwa chake ni sehemu kubwa ya mwili. Mafuta yaliyo chini ya ngozi yake ni machache, na kwa njiti karibu hayapo. Hawezi kutetemeka vizuri ili azalishe joto kama mtu mzima. Hutegemea mafuta maalumu ya rangi ya kahawia yaliyo kati ya mabega, shingoni na kuzunguka figo, ambayo huunguzwa ili kutoa joto. Njiti huzaliwa kabla akiba hiyo haijajaa. Ndiyo maana wataalamu husema kwamba mtoto mchanga aliye uchi katika chumba cha nyuzi 23 hupoteza joto sawa na mtu mzima aliye uchi katika nyuzi sifuri.

Joto humtoka mtoto kwa njia nne. Ya kwanza ni mvukizo: majimaji ya uzazi yaliyo mwilini mwake hukauka na kuondoka na joto. Mtoto asipokaushwa, joto lake huweza kushuka kwa nyuzi 2 hadi 4 ndani ya dakika 10 hadi 20 za mwanzo. Ya pili ni mpitisho: mizani baridi, shuka baridi au mikono baridi ya mhudumu hunyonya joto lake kwa kugusana naye. Ya tatu ni msafara wa hewa: upepo wa dirishani, mlango ulioachwa wazi au feni ya dari. Ya nne ni mnururisho: joto husafiri kutoka mwilini mwa mtoto hadi kwenye ukuta au bati lililopoa, ijapokuwa hakuna kilichomgusa na hewa imetulia. Njia hii husahauliwa zaidi. Usiku paa la bati hupoa upesi, na mtoto aliyelazwa chini yake, au kando ya dirisha la kioo, hupoteza joto hata kama kipimajoto cha chumbani kinaonyesha kiwango kizuri.

Joto la kawaida la mtoto mchanga, likipimwa kwapani, ni nyuzi 36.5 hadi 37.5. Kati ya 36.0 na 36.4 amepoa kidogo, kati ya 32.0 na 35.9 amepoa kwa kiasi cha kati, na chini ya 32.0 amepoa vibaya sana. Mtoto aliyepoa hutumia oksijeni na sukari nyingi akijaribu kujipasha joto. Sukari hushuka, pumzi huwa ya shida, hunyonya kwa unyonge na hushindwa kupambana na maambukizi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010, uliofuatilia watoto zaidi ya 23,000 kusini mwa Nepal, ulionyesha kwamba kila nyuzi moja iliyopungua ilikwenda pamoja na ongezeko la karibu asilimia 80 la hatari ya kifo. Nepal ina milima ya theluji, lakini utafiti huo ulifanyika katika nyanda zake za chini zenye joto.

Themostati hufanyaje kazi

Mwaka 1883 Warren Johnson, mwalimu katika jimbo la Wisconsin nchini Marekani, alipata hataza ya kifaa cha umeme kilichomjulisha mtunza tanuri kwamba chumba cha darasa kimepoa au kimezidi joto. Kabla ya hapo mtunza tanuri alilazimika kuingia darasani kutazama kipimajoto, na masomo yakakatizwa. Tangu wakati huo vifaa vimebadilika sana, lakini kanuni ni ileile, nayo ina sehemu tatu.

Sehemu ya kwanza ni kihisi, kinachopima joto mahali kilipo. Ya pili ni kiwango kilichopangwa, yaani joto ambalo mtumiaji ameliamuru. Ya tatu ni swichi, inayowasha hita joto linapopungua chini ya kiwango na kuizima linapofika. Themostati ya kisasa inayoongozwa kwa simu huongeza kumbukumbu na mawasiliano juu ya sehemu hizo tatu; haiongezi ujuzi wowote kuhusu mtu aliyelala chumbani.

Hapo ndipo penye kiini cha somo hili. Themostati hudhibiti joto la mahali kihisi chake kilipo. Kihisi kikiwa ukutani, kinachodhibitiwa ni joto la ukutani. Kikiwa ndani ya hita, kinachodhibitiwa ni joto la hewa inayoizunguka hita, nayo huwa juu kuliko joto la kitanda kilichoko upande wa pili wa chumba. Kwa hiyo mhudumu anayepanga nyuzi 26 kwenye hita ya umeme bado hajajua mtoto yuko katika nyuzi ngapi. Kipimajoto cha chumba kitundikwe karibu na kitanda cha mtoto, kwa kimo cha kitanda hicho, mbali na dirisha na mbali na hita. Na hata hicho hakichukui nafasi ya kipimajoto cha kwapani.

Kihisi kinapoidanganya mashine

Historia ya kuwapasha joto njiti ni historia ya kukisogeza kihisi karibu zaidi na mtoto. Mwaka 1880 Stéphane Tarnier, daktari wa uzazi wa Paris, alianza kuwalaza njiti katika masanduku yenye joto, baada ya kuona mashine za kutotolesha vifaranga vya kuku. Mwaka 1958 William Silverman na wenzake wa New York walilinganisha njiti waliolazwa katika inkubeta za nyuzi 28.9 na wale wa nyuzi 31.7. Tofauti ilikuwa chini ya nyuzi 3 tu, lakini katika kundi la joto zaidi waliopona walizidi kwa takribani watoto 15 katika kila 100. Tangu hapo joto lilihesabiwa kuwa dawa inayohitaji kipimo sahihi.

Leo inkubeta nyingi, na vitanda vyenye hita juu yake, vina kihisi kinachobandikwa kwenye ngozi ya tumbo la mtoto, kwa kawaida upande wa kulia juu, penye ini. Mashine hupangwa ilifikishe joto la ngozi kwenye kiwango fulani, mara nyingi nyuzi 36.5. Huu ni usanifu bora kuliko themostati ya ukutani, kwa kuwa anayepimwa ni mtoto mwenyewe. Hata hivyo, kihisi kikikosea, mashine hukosea kwa utiifu.

Kihisi kikibanduka na kuning'inia hewani, mashine husoma joto la hewa, hudhani mtoto amepoa, na huongeza moto. Mtoto huweza kupata joto kupita kiasi au kuungua. Mtoto akikilalia, au kikifunikwa na nepi, husoma joto lililofungiwa. Mashine hupunguza moto, na mtoto hupoa huku kioo kikionyesha namba nzuri. Kwa sababu hiyo kihisi kikaguliwe kila mtoto anapogeuzwa, na joto la kwapani lipimwe kwa mkono hata kama mashine haijapiga kengele.

Liko pia suala la umeme. Kwa miaka mingi Kigoma ilipata umeme wa jenereta za dizeli, nje ya gridi ya Taifa, na wahudumu wa huku wanajua vema maana ya wodi kuingia giza. Umeme ukikatika, inkubeta hubaki kuwa sanduku linalopoa. Kila wodi inayotumia mashine inapaswa kuwa na jibu la swali hili kabla ya giza kuingia: watoto hawa watapata joto kutoka wapi ndani ya dakika kumi zijazo?

Kifua cha mama

Jibu la swali hilo lilipatikana Bogotá, Kolombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, katika hospitali iliyokuwa na njiti wengi na inkubeta chache. Madaktari Edgar Rey Sanabria na Héctor Martínez waliwafunga watoto wima kifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Njia hiyo ndiyo tunayoiita huduma ya kangaruu.

Kifua cha mama kina sehemu zote tatu za themostati. Kihisi ni ngozi inayogusana na mtoto bila pengo. Kiwango kimepangwa na maumbile. Swichi ni mishipa ya damu, inayotanuka na kusinyaa na hivyo kuongeza au kupunguza joto la ngozi. Watafiti waliopima joto la mama aliyebeba mapacha, kila mmoja upande wake, waliona kila ziwa likibadilisha joto kwa kumfuata mtoto aliyelala upande huo.

Ushahidi wenye uzito zaidi ulichapishwa mwaka 2021. Utafiti ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani katika nchi tano, yaani Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, uliwahusisha watoto 3,211 waliozaliwa na uzito wa kilo 1.0 hadi chini ya 1.8. Kundi moja lilianza kangaruu mara tu baada ya kuzaliwa. Kundi jingine lilisubiri hadi hali itulie. Katika siku 28 za mwanzo, waliofariki katika kundi la kwanza walikuwa asilimia 12.0, na katika kundi la pili asilimia 15.7. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati kwa kuwa faida ilikuwa imedhihirika. Mwaka 2022 shirika hilo lilipendekeza kangaruu ianze mapema iwezekanavyo kwa njiti na watoto wenye uzito mdogo, kwa saa 8 hadi 24 kwa siku, isipokuwa mtoto asiyeweza kupumua mwenyewe hata baada ya kusaidiwa, aliye katika mshtuko, au anayehitaji mashine ya kupumulia.

Mtoto avuliwe nguo zote isipokuwa nepi, kofia na soksi. Awekwe wima katikati ya maziwa, kichwa kimegeuzwa upande mmoja na kimeinuliwa kidogo ili njia ya hewa iwe wazi, miguu imekunjwa kama ya chura. Afungwe kwa kitenge au kanga imara, kisha mama avae nguo yake juu. Mama akihitaji kuoga au kupumzika, baba, bibi au shangazi aliye mzima wa afya huweza kumpokea.

Haimaanishi kwamba chumba hakina kazi. Chumba cha kangaruu nacho kinahitaji joto la kutosha ili mama akae kifua wazi bila kutetemeka, na hapo hita yenye themostati hufaa sana. Hita ihudumie chumba, na kifua kimhudumie mtoto.

Hatua katika chumba cha kujifungulia

Chumba kiandaliwe kabla ya mama kufika kwenye hatua ya kusukuma: madirisha yafungwe, feni izimwe, hita iwashwe mapema, vitambaa viwili vikavu vipashwe joto. Mtoto akaushwe mara moja, kitambaa chenye majimaji kiondolewe, awekwe kifuani au tumboni mwa mama na kufunikwa kwa kitambaa cha pili pamoja na kofia. Kunyonya kuanze ndani ya saa ya kwanza. Kupima uzito kusubiri. Kuogesha kusubiri angalau saa 24. Wazee wengi hutamani mtoto aogeshwe mapema; waelezwe kwa heshima kwamba utando mweupe wa ngozi humkinga, na kwamba maji, hata ya vuguvugu, humwacha na mvukizo uleule tunaoukwepa. Anapohamishwa wodi, asafiri kifuani mwa mama.

Hatua nyumbani

Mama aliyerudi Katubuka, Gungu au Ujiji hana themostati ya ukutani, lakini ana mkono. Aguse nyayo za mtoto, kisha tumbo. Vyote vikiwa na joto, mtoto yuko salama. Nyayo zikiwa baridi na tumbo lina joto, ameanza kupoa: awekwe ngozi kwa ngozi, aongezewe kofia na nguo, anyonyeshwe. Vyote viwili vikiwa baridi, amepoa kweli: kangaruu ianze papo hapo na safari ya kituo cha afya ianze naye akiwa kifuani.

Jambo moja linahitaji onyo kali. Jiko la mkaa lisiwekwe ndani ya chumba kilichofungwa ili kumpasha joto mtoto na mzazi wake. Mkaa unaowaka katika hewa haba hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huziba nafasi ya oksijeni katika damu. Huua watu usingizini, na mtoto mchanga hawezi kutoa taarifa. Chupa za maji ya moto nazo zisimguse mtoto, kwa kuwa ngozi yake huungua haraka. Kisha chupa ikipoa, humnyonya joto kwa mpitisho.

Kuzidisha pia ni kosa. Mchana wa joto, mtoto mwenye uzito wa kawaida aliyefungwa mablanketi matatu huweza kupita nyuzi 37.5, akawa mwekundu na kupumua haraka. Apunguziwe nguo na apimwe tena baada ya muda mfupi. Joto likibaki juu, achukuliwe kuwa na maambukizi hadi ithibitike vinginevyo.

Mfano wa kujifunzia

Mfano huu umetungwa kwa ajili ya somo. Usiku wa Julai, katika wodi, mtoto wa siku tatu mwenye kilo 1.9 amelazwa peke yake kwenye kitanda kilicho kando ya dirisha. Hita imepangwa nyuzi 26 na imejizima, ishara kwamba imefika kiwango. Muuguzi anagusa nyayo na tumbo: vyote baridi. Kwapani anapata nyuzi 35.0. Kipimajoto kilichowekwa kitandani kinasoma 22.

Muuguzi hapotezi muda kubishana na hita. "Mama, tumvue mtoto tumweke kifuani kwako, ngozi kwa ngozi," anasema. Anabadilisha nepi iliyolowa, anamvisha kofia na soksi, anakihamisha kitanda mbali na dirisha, anapima sukari, anahimiza kunyonya au kukamua maziwa, na anatafuta dalili za maambukizi, kwa kuwa mtoto kupoa huweza kuwa dalili yake. Anapima kila saa: 35.6, kisha 36.1, kisha 36.6. Kupanda kwa nusu nyuzi au zaidi kila saa ni dalili kwamba matibabu yanafaulu. Kama joto lisingepanda hivyo, angemwita daktari bila kungoja asubuhi.

Maswali ya kujipima

1. Hita imejizima yenyewe. Je, hilo linathibitisha kwamba mtoto ana joto la kutosha? (Hapana. Linathibitisha tu kwamba kihisi cha hita kimefika kiwango chake.)

2. Kwa nini mtoto huweza kupoa katika chumba kisicho na upepo? (Kwa mnururisho kuelekea ukuta, kioo au bati baridi, pia kwa mvukizo akiwa amelowa, na kwa mpitisho akigusana na kitu baridi.)

3. Umeme umekatika na kuna njiti wanne katika inkubeta. Hatua ya kwanza ni ipi? (Kumhamishia kila mtoto anayeweza kifuani mwa mama au ndugu aliyeandaliwa mapema, na kuwapa kipaumbele cha umeme wa akiba wale wasioweza.)

4. Mama anapaswa kurudi kituoni lini bila kuchelewa? (Mtoto anapokataa kunyonya, anapodegedege, anapopumua mara 60 au zaidi kwa dakika au kifua kuingia ndani, anapolegea, anapokuwa wa manjano, anapokuwa na joto la nyuzi 37.5 au zaidi, au chini ya 35.5.)

Kwa mkuu wa wodi anayesoma somo hili, kazi ya kuanzia leo usiku ni ndogo na haihitaji bajeti: kuweka kipimajoto kimoja kwa kimo cha kitanda cha mtoto, na kulinganisha namba yake na ile ya hita. Aandike zote mbili kwenye daftari la zamu.